Kijana Aliyegombewa na Shule Mbili: Mwalimu Nyerere na Miaka Yake ya Tabora

Mwaka 1945 ulipokuwa ukielekea mwisho wake, shule mbili za Tabora zilimtaka kijana mmoja. Moja ilikuwa shule ya serikali, maarufu kuliko zote katika Tanganyika ya wakati ule, ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameisoma. Ya pili ilikuwa shule ya misheni ya Mtakatifu Maria, iliyoendeshwa na Wamisionari wa Afrika, wale ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe. Kijana huyo alikuwa anamaliza mafunzo ya ualimu katika Chuo cha Makerere, Uganda. Jina lake la ubatizo lilikuwa Julius, na jina alilopewa nyumbani Butiama lilikuwa Kambarage.

Serikali ilimwahidi mshahara mnono zaidi pamoja na pensheni. Misheni haikuwa na uwezo wa kushindana naye kwa fedha. Akachagua misheni.

Ndugu msomaji, ninaanza na habari hii kwa sababu ugomvi wa kugombea vijana wenye vipaji haujaisha katika nchi yetu. Umebadilisha uwanja tu. Katika maparokia yetu leo, mzazi mwenye mtoto anayejua kusakata kandanda anazijua njia zake. Kabla ya mashindano ya UMISSETA hayajafika, kijana wa kidato cha pili mwenye mguu mzuri wa kushoto hufuatwa na shule hii na ile. Huyu anamwahidi kusamehewa ada, yule anamwahidi viatu na kitanda bwenini. Mwalimu wa michezo anadai kwamba anamsaidia mtoto wa maskini. Mwalimu wa taaluma anauliza ni lini mtoto huyo atafundishwa hisabati. Timu iliyofungwa inalalamika kwamba wapinzani wao wamechezesha mamluki, yaani vijana walioletwa kucheza tu, ambao hata daftari hawana. Mara nyingi mabishano haya hufikishwa kwa paroko kana kwamba yeye ndiye mwamuzi wa mchezo. Nimeona kwamba sehemu kubwa ya maisha ya Mwalimu, tangu utoto hadi urais, ilizungukia swali hilo hilo: kijana mwenye kipaji anachaguliwa na nani, kwa faida ya nani, na anayemchagua anadai nini baadaye. Na maswali hayo kwake yalianzia Tabora.

Tabora ni mji uliozoea kuchagua watu. Kabla ya reli, njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikaingia Unyanyembe, kisha ikagawanyika: tawi moja likaelekea Ujiji na Ziwa Tanganyika, jingine likaelekea Nyanza na Buganda. Wanyamwezi walisifika kwa upagazi kuliko watu wote wa njia ile, na kijana ambaye hajawahi kwenda pwani akiwa na mzigo begani alihesabiwa kuwa bado mtoto. Lakini katika njia hiyo hiyo walipitishwa pia watu waliofungwa minyororo, waliochaguliwa kwa kutazamwa meno na misuli. Wamisionari wa kwanza wa Kardinali Lavigerie walipita hapa mwaka 1878. Mmoja wao, Padre Pascal, alifia njiani kabla ya kufika, na wenzake waligawanyika hapa, kundi moja likaenda Nyanza na jingine Tanganyika. Walipofungua makao Kipalapala, baadhi ya watoto wao wa kwanza walikuwa wamekombolewa kutoka utumwani. Sisi tuliosoma seminari Kipalapala tuliikuta miembe mikubwa ya njia ile ikiwa bado inatoa kivuli, na haikuwa rahisi kukaa chini yake bila kufikiri ni nani aliyepumzishwa pale kabla yetu.

Waingereza walipoanza kuutawala mji baada ya Wajerumani kuondolewa walikuta reli ya kati imekwisha kufika. Katika miaka ya 1920 wakaanzisha shule ya wavulana, iliyokusudiwa hasa wana na warithi wa machifu. Hesabu yao ilikuwa ya wazi: nchi itatawaliwa kwa kupitia machifu, basi wana wa machifu wafundishwe kutawala kwa namna ya Kiingereza. Kwa hiyo shule ikapewa mabweni, viranja, gwaride na michezo kama zilivyokuwa shule za watoto wa mabwana kule Uingereza. Mpira wa miguu haukuwa burudani tu katika mpango ule. Ulihesabiwa kuwa somo la tabia, kwamba kijana ajifunze kutii kapteni leo ili kesho aamrishe watu. Baadaye milango ilifunguliwa kwa watoto wengine walioshinda mitihani, na hapo ndipo walipopita watu kama Chifu Abdallah Said Fundikira na Rashidi Mfaume Kawawa.

Kambarage alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922 huko Butiama, mashariki mwa Ziwa Nyanza. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki, na mama yake, Mugaya, alikuwa mke wa tano kati ya wake ishirini na wawili. Mtoto wa mke wa tano si mrithi. Alichunga mbuzi, akaishi kama watoto wengine wa kijijini, na hakupelekwa shule hadi mwaka 1934, akiwa na miaka kumi na miwili, alipoingia Shule ya Mwisenge mjini Musoma. Wakubwa walikuwa wameiona akili yake. Inasimuliwa kwamba chifu jirani wa Ikizu, aliyekuwa akicheza naye bao, ndiye aliyemshauri mzee Burito ampeleke mtoto huyu shuleni. Sina shaka kwamba bao ni mwalimu mzuri wa hesabu kuliko tunavyokubali. Masomo ya miaka minne aliyamaliza kwa mitatu. Huko Musoma ndipo alipoanza kufuata mafundisho ya dini kwa mapadre wa misheni ya Nyegina.

Mwaka 1937 akapelekwa Tabora. Alikuwa na miaka kumi na mitano, na hakuwa mrithi wa kiti chochote. Alichukuliwa kwa sababu ya alama zake.

Pale shuleni hakuwa mwanamichezo. Jambo hili linawashangaza wengi, kwa kuwa tumezoea kuwasifu mashujaa kwa kila kitu, lakini wote walioandika maisha yake wanakubaliana kwamba aliukwepa uwanja. Wakati wenzake wakikimbia, yeye alikuwa maktaba, akisoma vitabu vya Kiingereza kwa uchu. Aliposoma kitabu cha Baden-Powell kuhusu skauti, yeye na wenzake wakaanzisha kikosi cha skauti shuleni. Ushindani wake wote aliuweka katika mitihani na katika chama cha midahalo. Wenzake walimkumbuka kuwa mtu aliyetaka sana kuwa wa kwanza darasani, na asiyekubali kushindwa hoja kwa urahisi. Katika shule iliyowapima vijana kwa ushujaa wa mpirani, alikuwa mwembamba, wa kimo cha kawaida, asiye na goli hata moja la kusimuliwa. Kama shule ya Tabora ingalikuwa inachagua vijana kwa miguu yao, asingefika hata Mwanza.

Walimu walimpendekeza awe kiranja mkuu. Mkuu wa shule alikataa, akiona kwamba kijana huyu ana huruma kupita kiasi kwa kazi ile. Mtawala wa kikoloni alitafuta mtu wa kuwanyoosha wenzake, na huyu hakuwa wa namna hiyo. Nimewahi kuwauliza walezi wa seminari kadhaa kama sababu hiyo ingemzuia kijana kuwa kiranja kwao, na sikupata jibu moja.

Machi 1942, akiwa mwaka wake wa mwisho Tabora, baba yake alifariki. Kijana akaomba ruhusa aende kumzika. Shule ikakataa. Nchi ilikuwa katika vita vya dunia, safari ya Butiama ilikuwa ndefu, na kanuni zilikuwa kanuni. Hata hivyo ni vigumu kwa Mwafrika yeyote kuisoma habari hii kwa utulivu. Kwetu, mtoto asiyetupa udongo katika kaburi la baba yake amenyang'anywa kitu ambacho hakirudishwi kwa cheti. Shule ile ilimchagua, ikamlisha, ikamfundisha, kisha ikamwonyesha kwamba kuchaguliwa kulikuwa na bei yake. Kiti cha uchifu kilikwenda kwa ndugu yake, Edward Wanzagi.

Mwezi Januari 1943 aliwasili Makerere kwa msaada wa masomo ya ualimu. Tarehe 23 Desemba mwaka huo huo, akiwa likizoni, alibatizwa Nyegina na kuitwa Julius. Alikuwa amefikia miaka ishirini na mmoja, na baba yake, aliyekuwa wa dini ya jadi, alikuwa amekwisha fariki. Kwa kipindi fulani alifikiri juu ya upadre. Pale Makerere alishiriki katika Utendaji wa Kikatoliki, akazidi kujadiliana, na mwaka 1944 alishinda tuzo ya uandishi kwa insha iliyotumia mawazo ya mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill kueleza hali ya kunyanyaswa kwa wanawake katika jamii yake ya Kizanaki. Mtoto wa mke wa tano kati ya ishirini na wawili alikuwa ameona mengi ya kuandika. Pamoja na Andrew Tibandebage, Mkatoliki mwenzake kutoka Bukoba, walianzisha chama cha kutetea maslahi ya Watanganyika pale chuoni.

Ndipo zikaja zile barua mbili. Wa misheni alikuwa Padre Richard Walsh, mkuu wa Shule ya Mtakatifu Maria. Wa serikali waliandika kuonyesha faida za kazi yao, na wakamkumbusha kwamba miaka atakayofundisha katika shule ya misheni haitahesabiwa katika pensheni. Inasemekana kwamba ukumbusho huo, uliotumwa kumshawishi, ndio uliomfanya aamue kinyume. Ninaielewa hasira hiyo. Mtu anayekuambia kwamba watoto wa shule ya pili si kazi ya kuhesabiwa anakueleza pia jinsi anavyowaona watoto wenyewe.

Alianza kufundisha mwaka 1946. Baada ya saa za shule aliwafundisha Kiingereza bila malipo watu wazima wa mjini. Tibandebage naye alifundisha pale pale, na wawili hao wakaingia katika tawi la Tabora la Chama cha Waafrika wa Tanganyika, TAA, Nyerere akiwa mweka hazina. Tawi lilifungua duka la ushirika la kuuza sukari, unga na sabuni, kwa kuwa baada ya vita bei zilipanda na wananchi wakaumizwa. Kwa muda mfupi serikali ilimpa kazi ya ukaguzi wa bei madukani. Alizunguka, akaandika nani anapandisha bei kinyume cha sheria, akapeleka taarifa zake. Hazikufanyiwa kazi. Alipoona hivyo aliiacha kazi hiyo. Hakutaka kuwa mkaguzi wa mapambo.

Ushindani kati ya shule zile mbili ulikuwapo, kama ulivyo ushindani wa shule zote zinazotazamana katika mji mmoja. Lakini pambano linalokumbukwa zaidi kati yao halikuwa la mpira. Ulikuwa mdahalo wa hadhara. Nyerere alipambana na walimu wawili wa shule ya serikali juu ya hoja kwamba, tangu Waafrika wagawanywe na mataifa ya Ulaya, Mwafrika amefaidika kuliko Mzungu. Yeye alipinga, akashinda. Zawadi aliyopewa ni kupigwa marufuku kukanyaga tena katika shule ile aliyoisoma. Mashabiki wa mpira wanajua kwamba timu inayofungwa nyumbani hukimbilia kulaumu. Hii ilikwenda mbele kidogo, ikamfungia mchezaji wa wageni geti.

Sasa nifike kwa Padre Walsh, maana hapa ndipo penye jambo ninalotaka walimu wetu walitafakari. Alikuwa amempata mwalimu ambaye shule kubwa ya serikali ilimkosa. Alikuwa na kila sababu ya kumshikilia. Mkuu wa shule mwenye mwalimu wa namna ile, au mwenye mshambuliaji wa namna ile katika timu yake, kwa kawaida humficha asionekane na wengine. Walsh alifanya kinyume. Alimsukuma Nyerere afanye mtihani wa kuingilia Chuo Kikuu cha London, naye akaufaulu Januari 1948. Akamhimiza aombe fedha za kwenda Uingereza kusoma. Ombi la kwanza lilikataliwa. Akamhimiza aombe tena. Nyerere mwenyewe alisitasita, kwa kuwa mama yake na wadogo zake waliutegemea mshahara wake, na kuondoka kungewaacha bila msaada. Mwaka 1949 fedha zikapatikana, na mwezi Aprili akasafiri. Shule ya Mtakatifu Maria ikabaki na pengo darasani.

Upo usajili wa kumchukua kijana kwa ajili ya jina la shule, na upo usajili wa kumchukua kijana ili umfikishe anakoweza kufika, hata kama ni nje ya shule yako. Kwa macho huwezi kuutofautisha siku ya kwanza; yote miwili huanza kwa barua nzuri. Unautofautisha siku kijana anapotaka kuondoka.

Alisoma Chuo Kikuu cha Edinburgh, akapata shahada ya sanaa mwaka 1952, akarudi nyumbani. Januari 1953 alifunga ndoa na Maria Gabriel, mwalimu Mkatoliki ambaye walikuwa wamechumbiana tangu mwishoni mwa mwaka 1948. Ndoa hii nayo ilikuwa uamuzi, kwa kuwa kwa desturi ya Kizanaki alikuwa amekwisha posewa msichana mwingine tangu msichana huyo akiwa mtoto mdogo. Akaajiriwa katika Shule ya Mtakatifu Fransisko huko Pugu, karibu na Dar es Salaam. Mwaka huo huo akachaguliwa rais wa TAA, na tarehe 7 Julai 1954 chama hicho kikawa TANU. Machi 1955 alikwenda New York kuzungumza mbele ya Umoja wa Mataifa. Aliporudi ilikuwa dhahiri kwamba kazi mbili haziwezekani. Aliacha ualimu, akarudi Butiama na familia yake bila mshahara, na kwa muda akajipatia riziki kwa kuwafundisha Kizanaki wamisionari wa Maryknoll na kuwatafsiria maandiko ya dini. Jina la Mwalimu lilibaki naye ingawa chaki aliiweka chini.

Tabora ilimwona tena Januari 1958. Mkutano mkuu wa TANU ulikusanyika pale kuamua kama chama kishiriki uchaguzi ambao serikali ilikuwa imeuwekea masharti ya ajabu: kila mpiga kura lazima apige kura tatu, moja kwa Mwafrika, moja kwa Mwasia na moja kwa Mzungu. Wajumbe wengi walifika wakiwa wamekwisha amua kususia. Lilikuwa tusi, na kila mtu alijua hivyo. Nyerere naye alilijua. Lakini aliona pia kwamba kama TANU ikisusa, wengine watajaza viti na safari ya uhuru itarefuka. Akatumia siku za mkutano kufanya kile alichokuwa akikifanya katika midahalo tangu ujana wake, mji ule ule, ila safari hii alikuwa akijadiliana na watu wake mwenyewe. Akawashawishi. Zuberi Mtemvu hakukubali, akajitenga na kuanzisha chama chake. TANU ikaingia katika uchaguzi, wagombea iliowaunga mkono wakashinda, na Desemba 1961 Tanganyika ikawa huru. Watu waliuita mkutano ule Uamuzi wa Busara.

Wasomaji wetu wengi wanayajua yaliyofuata: Muungano na Zanzibar mwaka 1964, Azimio la Arusha mwaka 1967, Elimu ya Kujitegemea mwaka huo huo. Sitayarudia. Liko moja tu ambalo sisi Wakatoliki hatuwezi kulipita haraka.

Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, serikali ilizichukua shule za mashirika ya dini. Shule zilizojengwa kwa jasho la wakristo, kwa matofali yaliyobebwa na mama zetu vichwani, zikawa mali ya umma. Shule ya Mtakatifu Maria ilikuwa miongoni mwa zile zilizomlea yeye kama mwalimu, Pugu pia. Seminari pekee ndizo zilizobaki mikononi mwa Kanisa. Aliyeongoza serikali iliyofanya hivyo alikuwa mtu anayehudhuria Misa karibu kila siku, na ambaye safari yake ya masomo ya juu ilitokana na msukumo wa padre mmoja wa Tabora.

Wapo walioumia. Nimewasikia mapadre wazee, ambao sasa wengi wao wamekwisha tangulia, wakilizungumzia jambo hilo kwa sauti ya mtu aliyefiwa. Wengine walisema Nyerere aliwalipa wamisionari ubaya kwa wema. Mimi siioni hivyo, ingawa sidhani kwamba maumivu yao yalikuwa ya bure. Alikuwa amesoma katika shule iliyowachagua watoto kwa sababu ya baba zao, kisha akafundisha katika shule iliyowachagua kwa sababu ya dini yao. Alijua kwamba Wakristo, hasa wa Kilimanjaro na Kagera ambako misheni zilitangulia, walikuwa wamejaa katika sekondari kuliko Waislamu na kuliko watu wa mikoa mingine. Kwa kiongozi wa nchi changa, hilo lilikuwa baruti chini ya nyumba. Baadaye serikali iliweka utaratibu wa kugawa nafasi za sekondari kwa mikoa, ili kijana wa Rukwa au Lindi asishindanishwe na kijana ambaye babu yake alikwisha soma. Wazazi wa mikoa iliyotangulia walilalamika kwamba watoto wao wenye alama za juu wanaachwa. Walikuwa na haki ya kulalamika, na wale wa Lindi walikuwa na haki ya kuingia darasani. Hakuna mwenye jibu lisiloumiza upande mmoja.

Ninachoona kuwa kilikosekana ni kingine. Serikali ilichukua majengo, vitanda na orodha za wanafunzi, lakini ule mkono wa mtu kama Walsh, unaomjua kijana kwa jina na kumwandikia ombi la pili baada ya la kwanza kukataliwa, hauhamishwi kwa sheria ya Bunge. Shule nyingi zilidhoofika, na Kanisa liliporuhusiwa kujenga sekondari tena, lilianza upya. Na hapa lazima tujiseme wenyewe pia: baadhi ya shule zetu mpya zina ada ambayo mtoto wa mchunga mbuzi wa Butiama asingeweza kuilipa hata kwa muhula mmoja, na nafasi pekee ya kusamehewa ada anayoipata mtoto wa namna hiyo mara nyingine ni akiwa na mguu mzuri wa mpira.

Mwaka 1985 Mwalimu aliacha urais kwa hiari yake, jambo ambalo Afrika ya wakati ule haikulizoea. Alirudi Butiama, akalima, akacheza bao, akazitunga sehemu za Maandiko Matakatifu kwa tenzi za Kiswahili. Alikuwa amekwisha kuzitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare miaka ya 1960, akiwa bado Ikulu. Waliomwona kanisani Msasani au Butiama wanaeleza mtu aliyekaa miongoni mwa waumini kama mmoja wao na kupanga mstari wa Komunyo kama wengine.

Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akiwa na miaka sabini na saba, kwa maradhi ya saratani ya damu. Mwili ulirudishwa, taifa likaaga Dar es Salaam, kisha akapelekwa nyumbani. Safari ile ya kwenda kuzika, ambayo shule ya Tabora ilimnyima mwaka 1942, safari hii ilifanywa na maelfu ya watu, na tarehe 23 Oktoba akalazwa katika udongo wa Butiama, kwenye ardhi ya wazazi wake. Mwaka 2005 Jimbo la Musoma lilianza taratibu za kumtangaza mwenye heri, na tangu hapo Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere.